Daftari la Wiki: Mahali Panapolea

Maji yakishakupwa, msitu wa mikoko wa Gazi, kusini mwa Mombasa, huingilika kwa miguu, mradi uwe radhi kuzama topeni hadi magotini. Nilikwenda kuangalia watoto wa mkoko. Mti huu hauangushi mbegu ikajitafutie. Mbegu huota ikiwa bado tawini, ikatoa mche wa kijani wenye ncha, nao ukaning'inia hapo kwa miezi ukilishwa na mama yake. Mingine hufika nusu mita. Nilishika mmoja: mgumu, laini wa ngozi, mzito upande wa chini. Ukidondoka maji yakiwa yametoka, huweza kuchoma tope na kusimama papo hapo. Maji yakiwa yamejaa, huelea mpaka upate pa kushika.

Mbegu ndogo ya kawaida ingefanya nini pale? Kuna chumvi, tope lisilo na hewa, na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Vizazi kwa vizazi, mahali pale pamewapendelea wazazi wanaomwachia mtoto akiwa amekwisha kulelewa.

Hatua chache zaidi kuna mchu, mti mwingine wa msitu huo. Upande wa bahari ni mti mrefu wenye kivuli. Upande wa nchi kavu, kwenye tambarare ambako maji hufika mara chache na jua likaacha chumvi juu ya udongo, mchu huo huo haumzidi mtu kimo. Aina ni moja. Kilichotofautiana ni pale mbegu ilipoangukia.

*

Tangu nitoke Gazi namfikiria chura wa Kihansi, maana naye hamwachi mtoto ajitafutie. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi. Huyu huzaa. Vichanga hutoka wakiwa vyura kamili, urefu wa milimita 5 hivi, na mama mwenyewe hafiki sentimita 3. Jamaa zake wa milima ya Tao la Mashariki nao huzaa, na ukiijua ile miteremko, ambako maji hupita mbio bila kutuama, unajiuliza kiluwiluwi angekaa wapi.

Kihansi ilimpa na jambo jingine: manyunyu. Mto ulikuwa ukiporomoka kutoka milima ya Udzungwa na kurusha maji hewani usiku na mchana, na pembeni mwake majani mafupi hayakuwahi kukauka. Eneo lenyewe lilikuwa la hekta chache tu, na hakuna pengine duniani alikopatikana chura huyu. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme umekwisha kuanza. Mwaka 2000, maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yakafungwa bondeni kuiga kazi ya maporomoko. Mwaka 2003 idadi ya vyura ikaporomoka ghafla, na uchunguzi ukakuta kati yao ukungu wa ngozi ambao umeua vyura katika nchi nyingi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Hakutoweka kabisa kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Bronx Zoo, New York. Hapo ndipo penye somo kubwa kwangu. Haikutosha kuwalisha. Ilibidi wajengewe Kihansi ndogo ndani ya vyumba vya kioo: unyevu wake, mwanga wake, wadudu wa kuwatosha mdomoni, na mashine za kurusha manyunyu. Hata hivyo miaka ya mwanzo walikufa wengi, mpaka watunzaji walipojifunza. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wengine wakaachiliwa bondeni kwao, chini ya yale mabomba.

Wapo waliouliza, na wangali wanauliza, kwa nini fedha zote hizo zimtumikie chura wa ukubwa wa ukucha. Ni swali la haki katika nchi yenye nyumba nyingi zisizo na umeme. Lakini gharama ile haikuletwa na chura. Ililetwa na kuchukua mahali kwanza na kuuliza baadaye nani alikuwa akiishi hapo, na kila anayejenga bwawa leo ana nafasi ya kuuliza mapema.

*

Chakula cha mahali nacho huumba mwili. Ziwa Viktoria lina samaki waitwao furu, wa aina nyingi ajabu, na mmoja wao, anayeitwa na wataalamu Astatoreochromis alluaudi, hula konokono. Kama furu wenzake, ana taya za pili kooni. Kwa huyu ni nene, zimejaa meno bapa ya kusagia, na gamba la konokono hupasuka humo. Mwaka 1965 Humphry Greenwood, bingwa wa samaki wa ziwa hilo, alieleza kwamba samaki wa aina hiyo hiyo waliokulia kwenye matangi, wakilishwa vyakula laini, walitoka na taya nyembamba na meno membamba. Mfupa uliumbika kwa kazi uliyopewa tangu utotoni.

Hili si la maabara tu. Samaki huyo amewahi kutegemewa kupunguza konokono wanaobeba kichocho, na ukimzalisha kwenye bwawa lenye chakula laini tele, unalea watoto ambao taya zao hazikuandaliwa kwa konokono unaotaka wawale.

*

Kwa kasa, hata jinsia huamuliwa na mahali yai lilipofukiwa. Mayai yakifukiwa katika mchanga wa baridi kidogo, wengi huwa madume. Mchanga ukizidi joto, wengi huwa majike. Mpaka wenyewe uko karibu nyuzi 29. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu kasa ambao hawajapevuka, waliozaliwa upande wa kaskazini wa matumbawe makuu ya Australia, ulikuta zaidi ya asilimia 99 ni majike. Kwa hiyo anayekata miti ya kivuli nyuma ya ufuo wanakotaga, Mafia au Watamu, anagusa mengi kuliko mandhari.

*

Kuna samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius ambao kwao ni dimbwi la mvua, na Unguja ina aina yake isiyopatikana kwingine. Madume yana rangi za kupendeza mno. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, na ukoo mzima hubaki ardhini katika mayai. Ndani ya yai ukuaji husimama, moyo wenyewe ukapunguza kazi, miezi ikapita. Mvua ikinyesha, baadhi huanguliwa na baadhi huendelea kungoja, kwa hiyo mvua fupi ya kudanganya haiwamalizi wote. Walioanguliwa hawana muda wa kupoteza: Msumbiji, aina moja imeonekana ikikomaa na kuweza kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa.

Kiangazi mahali hapo huonekana kiwanja kikavu chenye nyufa. Mtu akileta malori ya kifusi, hatasikia mlalamikaji. Ndiyo maana nawaomba wanaofanya tathmini ya athari kwa mazingira katika pwani yetu wasitosheke na ziara moja ya kiangazi. Warudi masika. Na hata kiangazi wachukue udongo wa dimbwi, wauloweke kwenye ndoo na kutazama siku chache zinazofuata. Wasipoona kitu waukaushe, wangoje, wauloweke tena, kwa sababu mayai yaliyokataa maji ya kwanza huenda yakaitikia ya pili.