Kifuko cha utumbo kikivimba, maliza dozi

Mama, mwanao akiwa ametolewa utumbo mpana kwa sababu ya vidonda visivyopona, huenda daktari alimtengenezea kifuko kwa utumbo mwembamba ili apate choo kwa njia ya kawaida. Kifuko hicho huweza kuvimba. Utaona anakimbilia chooni kuliko alivyozoea, hata usiku, na tumbo linamsokota. Wengine hupata homa.

Dawa za kwanza ni antibiotiki, siprofloksasini au metronidazoli, kwa kawaida wiki mbili. Wengi hupata nafuu mapema, na hapo ndipo vidonge vinapobaki kabatini.

Septemba 2024, viongozi waliokutana Umoja wa Mataifa kuhusu usugu wa dawa walikubaliana kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazopewa watu duniani ziwe za kundi lisilochochea usugu sana. Metronidazoli imo, siprofloksasini haimo. Kwangu mimi mkutano ule unamhusu mtoto huyu kabisa: uvimbe hurudi, na atazihitaji dawa hizi tena. Sisi wengine tunazinunua dukani kila tumbo likiuma, tena nusu dozi!

Siprofloksasini usimpe pamoja na maziwa au vidonge vya madini ya chuma, haitafyonzwa vizuri. Kisigino kikimuuma kwa nyuma, au miguu ikifa ganzi, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Uvimbe ukirudi, usinunue kwa cheti cha zamani. Omba choo kipimwe kwanza, maana kuna bakteria wengine wanaoleta dalili hizohizo na dawa yao ni tofauti.