Goma: Sungura anayepiga chafya kila mara anaonya nyumba nzima

Kunako mitaa mingi ya Goma, kuanzia Ndosho hadi Majengo, jioni hufanana. Mbabula inawashwa mlangoni, moshi unaingia ndani, mama anageuza uso, watoto wanakohoa kidogo, kisha maisha yanaendelea. Pembeni ya jiko, ndani ya kizimba cha mbao, sungura anapiga chafya mara tatu na kujipangusa pua kwa miguu ya mbele. Hakuna anayeshtuka. Juma lililopita alipiga chafya vilevile, akapewa dawa, akapata nafuu. Mwezi uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo.

Ugonjwa unaorudi namna hiyo una kitu kinachourudisha. Mara nyingi kitu hicho ni hewa ambayo mnyama anavuta mchana na usiku. Familia inayonunua vidonge kila mwezi bila kugusa moshi, mkojo na vumbi inatupa franga, na mwishowe itampoteza mnyama ambaye watoto wamempa jina.

Jina hilo si jambo dogo. Katika Kivu, sungura anafugwa kwanza kwa ajili ya nyama na kusaidia kulipa masomo. Haombi shamba, anakula majani ya pembeni ya njia, na anazaa haraka. Lakini katika nyumba nyingi kuna mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumtaja pamoja na chungu. Mtoto alimlea tangu akiwa mdogo, anamkatia majani kila asubuhi, anamtafuta kila anaporudi kutoka shuleni. Huyo akianza kukoroma usiku, mtoto halali. Wakubwa wanaosema « ni sungura tu » hawajamwangalia mtoto huyo usoni.

Kwanza inafaa kujua namna sungura alivyoumbwa. Yeye huvuta hewa kwa pua. Mtu mwenye mafua anafungua mdomo na kuendelea na kazi yake. Sungura hawezi hivyo. Pua ikiziba, anahangaika, anaacha kula, na sungura asiyekula kwa nusu siku au siku nzima yuko hatarini kwa sababu tumbo lake halipaswi kusimama. Ndiyo maana mafua ambayo kwa mtu ni usumbufu tu, kwake yanaweza kuwa kifo.

Kuna tena jambo la vijidudu. Sungura wengi wanabeba puani kijidudu kinachoitwa pasterela bila kuonyesha ugonjwa wowote. Kinakaa kimya mpaka mwili ulegee au utando wa ndani ya pua uchubuliwe. Moshi unauchubua. Harufu kali ya mkojo inauchubua. Hapo kijidudu kinaamka, makamasi yanatoka, chafya zinaanza. Dawa inakituliza, lakini mara nyingi haikimalizi, kwa kuwa kinajificha ndani kabisa ya pua, katika njia ya machozi na hata masikioni. Dawa ikiisha na moshi bado upo, mambo yanaanza upya. Si uchawi, wala si lazima dawa iwe ya uongo.

Basi, ni nini kinachoichafua hewa hiyo? Moshi wa makala na kuni ndio wa kwanza, lakini hauko peke yake. Kuna dawa ya mbu inayowashwa usiku, ile ya kupuliza, sigara, taa ya petroli, marashi, na moshi wa jenereta ya jirani. Kuna pia vumbi. Goma imejengwa juu ya makoro, mawe ya volkano. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wenyewe. Wakati wa kiangazi vumbi jeusi linaingia katika kila tundu la nyumba za mbao. Anayefagia bila kunyunyiza maji analiinua lote hadi puani mwa mnyama. Vumbi la mbao linalotandikwa kizimbani, pumba kavu na majani yaliyoota ukungu yanaongeza mzigo.

Adui anayesahauliwa zaidi ni mkojo. Mkojo wa sungura ukikaa unatoa amonia, hewa kali inayochoma macho na koo. Mtu anayepita akiwa amesimama haisikii sana. Jaribio ni rahisi: mwenye nyumba apige magoti asubuhi, kabla ya kufungua mlango, aweke pua yake pale sungura anapolala. Akisikia macho yanawasha, ajue kwamba mnyama ameivuta hewa hiyo usiku kucha.

Hapo ndipo wengine wanakosea kwa nia njema. Wanamwaga javeli kizimbani ili kuua harufu. Javeli ikikutana na mkojo inatoa hewa nyingine yenye sumu, mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sungura na hata kwa anayesafisha. Njia iliyo bora ni kuondoa matandiko yaliyolowa kila siku, kusugua kwa maji na sabuni, na kutumia siki, ile wengi huita vinegre, kuyeyusha ule utando mweupe wa mkojo uliokauka. Kisha kizimba kisuuzwe na kukaushwa juani. Siki na javeli visichanganywe hata siku moja.

Wasomaji wengi watajibu kwamba mambo haya ni ya watu wenye nyumba kubwa, na jibu hilo linastahili kusikilizwa. Sungura hakai jikoni kwa sababu mwenyewe ni mjinga. Anakaa jikoni kwa sababu akiachwa nje usiku, asubuhi kizimba ni kitupu. Wezi wapo, mbwa wapo. Makala nayo ndiyo moto ambao familia nyingi zinaweza kulipia. Umeme wa maporomoko umefika katika sehemu za mji, lakini kupikia umeme kila siku bado ni ndoto kwa wengi. Kumwambia mama wa Birere « ondoa sungura nje na uache makala » ni kumcheka.

Hata hivyo, kati ya kubadili kila kitu na kutofanya lolote kuna nafasi. Mbabula inaweza kuwashwa nje na kubaki nje mpaka makala yashike vizuri. Chakula kinaweza kupikwa barazani siku ambayo mvua hainyeshi. Kizimba kinaweza kukaa nje mchana, kivulini, mtu akiwa anakiona, kisha kiingizwe usiku katika chumba kilicho mbali na moto. Kinaweza kuinuliwa juu ya mawe manne na kuwekewa sakafu yenye nafasi ili mkojo uanguke chini. Mbao moja ikitolewa juu ya ukuta, hewa inapita bila upepo kumpiga mnyama moja kwa moja. Pumba inaweza kulowanishwa kidogo. Hayo yote yanaomba mikono na zoea kuliko franga.

Onyo moja ni la watu zaidi kuliko la sungura. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi unaoonekana, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mbabula yenye moto haipaswi kulala ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi.

Kuhusu dawa, desturi ya mjini ni ya hatari. Sungura anapiga chafya, mzazi anaenda farmasi ya jirani na kueleza. Anajibiwa: « Mama, chukua hii ya watoto, gawanya nusu. » Mara nyingi hiyo ni amoksisilini au ampisilini. Kwa mtoto ni dawa ya kawaida. Kwa sungura, dawa za jamii hiyo zikipitia mdomoni zinaua vijidudu vizuri vya tumbo na kuacha vibaya viongezeke. Kuhara kunaanza, na mnyama anaweza kufa baada ya siku chache. Familia inasema mafua yalimuua, kumbe ni kidonge. Linkomisini na klindamisini nazo zina hatari hiyo. Antibiotiki zinazofaa kwa sungura zipo, lakini anayepaswa kuzichagua ni daktari wa mifugo, kwa kufuata uzito wa mnyama. Mizani ya muuza maharagwe inatosha kupata uzito huo kabla ya safari. Na daktari aliyezoea ng'ombe na mbuzi asione haya kuulizwa: « Dawa hii, docteur, inafaa kwa sungura? »

Si kila chafya ni ya kukimbilia kwa daktari. Chafya mbili baada ya kufagia, pua ikiwa kavu na mnyama anakula, ni vumbi tu. Hewa isafishwe na mnyama aangaliwe. Makamasi yakiwa mazito na meupe au ya manjano, manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yakishikana kwa sababu ya kujipangusa, jicho likitoa machozi upande mmoja, au kichwa kikilala pembeni, dawa inahitajika. Machozi ya upande mmoja yanayorudi yanaweza hata kutoka kwenye mzizi wa jino, na hapo kusafisha peke yake hakutamponya. Sungura akifungua mdomo ili kuvuta hewa, hakuna kungoja kesho.

Jambo jingine ni la Kivu hasa. Hapa sungura na simbilisi mara nyingi wanalala pamoja, katika kizimba kimoja au chini ya kitanda kimoja. Sungura anaweza kubeba puani kijidudu kiitwacho bordetela bila kuumwa, lakini simbilisi akikipata anaweza kufa kwa ugonjwa wa mapafu. Mfugaji anayepoteza simbilisi mmoja baada ya mwingine, huku sungura wake akipiga chafya tu, aanze kwa kuwatenganisha. Na sungura mpya aliyetoka sokoni akae peke yake majuma mawili hadi manne kabla ya kukutana na wengine.

Kuna watakaosema kwamba katika mji uliopitia yale ambayo Goma imepitia, kuandika juu ya pua ya sungura ni anasa. Lakini hewa anayovuta sungura ndiyo hewa ya mtoto anayemlisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa ya nyumbani unaotokana na moto wa kupikia na taa ulisababisha vifo vya watu karibu milioni 3,2, wakiwamo watoto zaidi ya 237 000 wenye umri usiofika miaka 5. Sungura ni mdogo, analala karibu na sakafu, haondoki jikoni. Anaumwa mapema pale ambapo watu bado wanasema « ni kikohozi cha msimu ».

Ndiyo maana mzazi anayehamisha mbabula kwa ajili ya sungura wa mtoto wake hapaswi kuchekwa na majirani. Amefanya jambo ambalo kampeni nyingi za afya zimeshindwa kulifanya: amemwonyesha mtoto kwamba moshi wa nyumbani si hali ya kuzoea. Sungura huyo huenda atabaki na pua dhaifu maisha yake yote, kwani wengi hubaki hivyo. Lakini akipata hewa safi anaweza kuishi miaka mingi na chafya chache, na kaka na dada wanaolala katika chumba kinachofuata wakakohoa kidogo zaidi.

Leo jioni, kabla ya kurudi farmasi mara ya nne, inafaa mtu apige magoti mbele ya kizimba na kuvuta hewa. Jibu litakuwa puani mwake.