Afya ya Familia: Kipimo Kabla ya Kidonge



Dada yetu mmoja, ambaye mumewe anafundisha Nyamira, ametuletea swali lenye uzito. Mumewe amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo unaoleta maumivu, kuhara na kukonda. Daktari anakusudia kumwanzishia vidonge vya azathioprini. Dada anauliza: je, hakuna kipimo cha kutujulisha mapema iwapo dawa hii itamfaa?

Swali hili limewashughulisha mabingwa kwa miaka mingi. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwahusisha wagonjwa 386 wa Crohn, ili ionekane kama alama fulani katika damu ingeweza kuongoza uchaguzi wa tiba. Alama hiyo haikusaidia. Kilicholeta nafuu kubwa ni kuanza mapema infliksimabu, dawa ya kutiwa mshipani, pamoja na vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Lakini infliksimabu ni ghali, na familia nyingi hubaki na vidonge peke yake.

Basi, dada yangu, kuhusu kupona, kipimo cha kubashiri bado hakijapatikana. Kuhusu madhara, kipo.

Mwilini mna kimeng'enya kiitwacho TPMT, ambacho husaidia kuidhoofisha azathioprini isizidi kiasi. Kila mtu amerithi nakala mbili za maelekezo ya kukitengeneza, moja kwa baba na moja kwa mama. Nakala moja ikiwa dhaifu, dawa hulimbikizana. Zikiwa dhaifu zote mbili, jambo ambalo ni nadra, hata dozi ya kawaida yaweza kuuzima uboho wa mifupa unaozalisha chembe za damu.

Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha Wakenya na watu wa asili ya Ulaya. Katika kila kundi, takriban mtu 1 kati ya 10 alibeba nakala dhaifu. Ila aina ya udhaifu ilitofautiana: ile iliyoonekana kwa Wakenya wote waliokuwa nao ilikuwa adimu kwa Wazungu. Kwa hiyo, kipimo cha jeni kikipatikana, muulizeni daktari kama kinaitafuta aina hiyo ya kwetu.

Kisipopatikana, mgonjwa hakuachwa bila ngao. Hesabu kamili ya chembe za damu ni kipimo cha kawaida katika maabara za hospitali za rufaa, za Kisii na Nyamira zikiwemo. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kupima kila juma kwa majuma 4 ya mwanzo, kisha angalau mara moja kila miezi 3, au kama daktari wake atakavyopanga. Chembe nyeupe zikishuka, dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa kabla ya hatari kufika.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana na waishio nyanda hizo. Kisii na Nyamira homa ikimshika mtu, wa kwanza kushukiwa ni malaria. Kwa anayetumia azathioprini, homa hiyo hiyo yaweza kuwa maambukizi yaliyopata mwanya kwa kuwa chembe nyeupe zimepungua. Asinunue dawa ya malaria dukani akalala. Aende hospitali siku hiyo hiyo, aitaje dawa anayotumia, apimwe malaria pamoja na hesabu ya damu. Tena asichanganye vidonge hivi na alopurinoli, dawa ya jongo, bila idhini ya daktari, kwani huongeza sumu yake.

Lililobaki ni subira. Azathioprini huchukua kama miezi 3 kuonyesha kazi yake, na wengi huiacha mapema wakidhani imeshindwa. Badala ya kukisia, daktari aweza kupima choo kwa protini iitwayo kalprotektini: ikishuka, uvimbe unatulia, hata kama mgonjwa bado hajajihisi mzima.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kumfunga ngamia wake. Mwili ni amana, na kipimo ni katika kuitunza. Allah amjaalie shemeji yetu shifaa ya haraka, pamoja na wagonjwa wetu wote. Amin.