Bagamoyo: Umbali wa chuo ni ada isiyoandikwa kwenye fomu

KIJANA anayepata nafasi katika chuo cha mjini Bagamoyo hupokea fomu ya kujiunga yenye orodha ya anayotakiwa kulipa: ada, mitihani, kitambulisho na michango mingine. Hakuna mstari unaotaja umbali. Hata hivyo, kwa anayeishi Kerege, Zinga au Mlingotini, umbali nao ni ada, tena hulipwa kila siku, asubuhi na jioni. Wapo wanaoilipa kwa nauli, na wapo wanaoilipa kwa miguu yao juu ya baiskeli.

Bagamoyo ni mji mdogo, lakini una vyuo vyenye majina makubwa. Ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM). Kusini mwa mji, huko Mbegani, kipo chuo cha uvuvi kilicho chini ya wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA. Hivi ni vyuo vya taifa zima. Mwanafunzi aliye rahisi kumfikiria ni yule anayeteremka kwenye basi na sanduku lake na kurudi kwao wakati wa likizo. Anayetoka kijiji cha jirani na kurejea kwao kila jioni si rahisi kumwona.

Idadi ya vijana wa namna hiyo haiwezi kubaki ndogo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata nchini kote. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafanya hivyo kwa kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa mvuvi ambaye zamani angeishia darasa la saba sasa anaweza kufika kidato cha nne bila kuhama nyumbani. Kwa maneno mengine, umbali haukufutwa. Umesogezwa mbele, na sasa unamsubiri kwenye mlango wa chuo.

Hapo familia huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupanga chumba mjini, ambako mwenye nyumba kwa kawaida hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Ya pili ni daladala au bodaboda, zinazotaka fedha taslimu kila kunapokucha. Ya tatu ni baiskeli.

Wanaoiona baiskeli kuwa dalili ya umaskini tu hawajaitazama vyema hesabu ya kaya za pwani. Kipato cha mvuvi, cha mkulima wa mwani wa Mlingotini au cha mwenye shamba la mihogo na minazi hakiji kila siku. Huja kwa msimu, kwa bamvua na kwa mavuno. Nauli haisubiri msimu. Baiskeli hununuliwa mara moja, wakati fedha zipo, na baada ya hapo siku isiyo na shilingi haiwi siku ya kukosa kipindi. Hiyo ndiyo maana yake kiuchumi.

Lakini gharama yake haiishii dukani. Tuchukue mwanafunzi anayeishi kilomita 20 kutoka chuoni. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, atatumia saa moja na dakika 20 kwenda, na muda kama huo kurudi. Kwa siku tano za masomo ameendesha kilomita 200, karibu sawa na kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam na kurudi mara moja na nusu. Katika miezi ya kusi, upepo unaomsukuma asubuhi akielekea mjini humpiga usoni jioni akirejea kusini, tayari amechoka. Masika hugeuza njia za vijijini kuwa tope, kiangazi huzifanya mchanga, na hewa ya chumvi hula mnyororo mwaka mzima. Saa anazopoteza njiani ni saa ambazo mwenzake wa bweni anajisomea.

Gharama kubwa zaidi ni usalama. Barabara ya Bagamoyo ilipanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta, kilomita 12.9, kazi iliyokamilika mwaka 2014. Kutoka Tegeta kwenda Bagamoyo barabara ilijengwa kwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kisha ikaja lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, iliyowapa madereva wa Tanga, Kilimanjaro na Arusha njia ya kukwepa Chalinze. Barabara iliyokuwa ya mji mmoja sasa hubeba pia magari ya mikoani, na mwendesha baiskeli amebaki ukingoni. Kipindi kikiisha saa kumi na mbili jioni, giza humkuta njiani.

Kwa msichana mzigo ni mzito zaidi, kwani giza huambatana na hofu ya wazazi na maneno ya watu. Hata hivyo, uzoefu wa kwingine unatia moyo. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwawezesha wasichana wa sekondari kupata baiskeli, na utafiti ulionyesha uandikishaji wao ukipanda kwa takriban theluthi moja. Nchini Zambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kuwa baiskeli zilipunguza muda wa safari ya wasichana kwa asilimia 35 na utoro kwa asilimia 27. Hao walikuwa wanafunzi wa shule, si wa vyuo, lakini kilomita ni zile zile.

Zipo sauti zinazosema dawa ni mabweni. Ni kweli, na baiskeli isiwe kisingizio cha kutoyajenga. Lakini bweni nalo hulipiwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, katika fani za kipaumbele zikiwamo afya, ualimu, usafirishaji na kilimo. Mpango huo ulianza na stashahada, si astashahada, ambayo ndiyo ngazi anayoanzia kijana wengi wa shule za kata wanaomaliza kidato cha nne.

Yapo mambo yasiyohitaji mabilioni. Chuo kinaweza kuweka banda la baiskeli lenye mlinzi, na kupanga vipindi vya lazima viishe kabla ya giza. Wakala wa Barabara (TANROADS) anaweza kuihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri kila anapochora upya barabara hii, kama ilivyofanyika katika mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza huduma Dar es Salaam mwaka 2016, uliojengewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli.

Na la kwanza kabisa ni kuongeza maswali mawili kwenye fomu ya kujiunga: unaishi umbali gani, na utafikaje? Majibu yake yatawaonyesha wakuu wa vyuo na halmashauri ni nani analipa ada hii, na ni nani ameshindwa kuilipa akaacha masomo kimya kimya.