Yai Jipya Lasingiziwa

Imeenea dhana katika majiko yetu, tangu ya nyumbani hata ya wapishi wa shughuli, ya kwamba yai lililotagwa jana halifai kuchemshwa, kwa kuwa ganda lake hubanduka vipande vipande pamoja na ute. Na kwamba dawa yake ni ama yai liwekwe juma zima mpaka lichakae, ama maji yatiwe chumvi kwa wingi. Nusu ya dhana hii ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoipa umri mrefu. Walakini hukumu inayotolewa kwayo ni dhulma kwa yai na hasara kwa mlaji.

Kweli yenyewe ni kwamba ute wa yai jipya una hewa ya kaboni ndani yake, nayo kadiri siku zipitavyo hutoka kwa vinyweleo vya ganda, hata kipimo cha ualikali wa ute, kile ambacho wataalamu hukiita pH, kikapanda kutoka karibu 7.6 siku ya kutagwa mpaka kupita 9. Ute wa hali ya kwanza hushikamana mno na utando wa ndani ya ganda. Wa hali ya pili huuachia. Lakini kushikamana huko kwahitaji wasaa, na wasaa huo twautoa sisi wenyewe, pale tunapoyatia mayai katika sufuria ya maji baridi na kuyapandishia moto taratibu, ute ukaganda kidogo kidogo huku umeung'ang'ania utando. Yai lile lile likiingizwa katika maji yanayotokota, tabaka ya nje ya ute hukaza mara moja, hujikunja, na kujitenga kabla ya kufungamana.

Chumvi haina sehemu katika jambo hili. Faida yake ni kugandisha upesi ute unaovuja iwapo ganda limepasuka, basi.

Linaloniudhi zaidi ni huko kuchakaza chakula kwa makusudi. Yai la siku nyingi kiini chake husogea upande, na chumba cha hewa kwenye kichwa chake butu hupanuka, hata likikatwa nusu mbili juu ya biriani au katika bakuli la urojo huonekana kombo. Na mayai ya kuku wa kienyeji, ambao aghalabu huishi na jogoo, yakilazwa katika joto la pwani huweza kuanza kufanya damu. Hivyo mtu amiliki yai bora kuliko yote, alilookota kiotani asubuhi, kisha aliharibu ili apate kulimenya!

Wako wanaohoji kwamba maji ya moto hupasua maganda. Hupasua, naam, yai litokalo moja kwa moja kwenye friji au lililotupwa sufuriani kwa pupa. Liache nje ubaridi ulitoke, lishushe kwa upawa, kisha punguza moto ili mayai yasigongane. Yai la kienyeji, kwa udogo wake, litaiva kwa dakika 9 au 10. La kisasa lililo kubwa, 11 au 12. Asiye na maji mengi na ayapike kwa mvuke: maji ya kina cha vidole viwili yakisha kutokota, mayai yaingie, sufuria ifunikwe barabara, na matokeo ni yale yale. Yakitoka motoni yatiwe mara moja katika maji baridi, yapoe hasa, kisha yagongwe kwenye kichwa butu, penye ile nafasi ya hewa, na kumenywa ndani ya maji.

Kwa hiyo nawasihi wote wanaofundisha upishi, wazazi na walimu kadhalika, waache kuwaambia wanafunzi wao waanze na maji baridi. Na muuza mayai wa barabarani, ambaye yai lenye mashimo humkosesha mnunuzi, anunue mayai mapya bila hofu, na ayangojeshe mpaka maji yatokote.