Michezo ya kompyuta isiwe mtego wa siri za watoto

Shule zifungapo kwa likizo, simu ya mzazi hugeuka mali ya mtoto. Mama arudipo kutoka kazini, mwanawe huiomba kwa dakika chache tu, naye mama, kwa uchovu na huruma, humpa. Mtoto hufungua mchezo mpya. Kwenye kioo hutokea maandishi mengi yaliyosongamana, na chini yake neno moja kubwa: Kubali. Mtoto wa miaka tisa hayasomi maandishi hayo. Hubonyeza, kisha huanza kucheza.

Je, mtoto huyo amekubali nini?

Wengi wetu hudhani kwamba mchezo usiolipiwa haugharimu kitu. Hayo ni makosa. Mchezo wa aina hiyo waweza kuweka kumbukumbu ya saa aliyoanza mtoto kucheza, muda aliokaa, pale aliposhindwa akakata tamaa, aina ya simu anayotumia na hata mahali alipo. Habari hizo huwawezesha wenye mchezo kuuza matangazo na kutambua wakati ambapo mchezaji yu tayari kushawishika anunue kitu. Isitoshe, simu ni ya mzazi. Mchezo ukipewa ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa humo, huwafikia shangazi, jirani na hata mwalimu, ambao hawakuulizwa lolote. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hizi si hofu tupu. Mnamo Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, inayomiliki mchezo mashuhuri wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 275 nchini Marekani. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliishtaki kwa kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi, kinyume cha sheria iliyopitishwa huko mwaka wa 1998. Juu ya hizo, kampuni iliafiki kutoa dola milioni 245 nyingine za kuwarudishia wachezaji walionaswa wakanunua vitu bila kukusudia.

Lililonigutusha zaidi katika kesi hiyo si fedha. Tume ilieleza kwamba mazungumzo ya sauti na ya maandishi yalikuwa yamefunguliwa tangu mwanzo, hata mtoto akajikuta akizungumza na watu wazima asiowajua. Wafanyakazi wa kampuni hiyo wenyewe walikuwa wametoa tahadhari mapema. Kumbe hatari haikutokana na utundu wa mtoto. Ilitokana na jinsi mlango ulivyoachwa wazi na fundi aliyeijenga nyumba.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wako wasemao kwamba kumlinda mtoto ni kazi ya mzazi, na serikali isijitie. Ni kweli kwamba mzazi ana wajibu wake. Lakini mzazi atalindaje asichokiona? Masharti ya mchezo huandikwa kwa lugha ya mawakili, kurasa kwa kurasa. Kumtaka mama aliyetoka shambani au sokoni ayachambue ni sawa na kumuuzia mbuzi kwenye gunia, kisha kumlaumu kwa kutomkagua. Wala nia njema ya kampuni haitoshi. Mwaka wa 2011, wezi wa mitandao walivamia mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony, na habari za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini. Habari isiyokusanywa haiwezi kuibwa.

Kwa bahati nzuri, Kenya haikukosa sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 33, yakataza kutumia habari za mtoto pasipo idhini ya mzazi au mlezi wake. Kifungu cha 41 chataka ulinzi uwemo ndani ya chombo tangu kiundwapo. Tena sheria hiyo yawahusu hata walio ng'ambo, maadamu wanazitumia habari za watu waliomo nchini. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule ya hapa nyumbani yaweza kuadhibiwa kwa picha, kampuni kubwa za ng'ambo nazo ziulizwe zifanyacho na siri za watoto wetu.

Walimu nao wana nafasi yao. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ujuzi huo usiishie kwenye kuwasha mashine na kubonyeza vitufe. Mwanafunzi afunzwe kuuliza: Mchezo huu wa magari wataka kujua niliko kwa nini? Wataka majina ya jamaa zangu wa nini? Afunzwe pia kwamba kukataa si ushamba.

Hata hivyo, mafunzo hayatoshi ikiwa mlango wenyewe umejengwa bila komeo. Komeo hilo ni jukumu la mwenye mchezo, na serikali ihakikishe kwamba limetiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yule mtoto wa miaka tisa bado anacheza. Hajui kwamba naye anachezewa.