Abdus Salam: Bunge Lilipompigia Kura Mwanasayansi Wake

Makamanda, leo siandiki kuhusu uchaguzi wala kesi ya mtu. Naandika kuhusu mwanafizikia. Msiondoke kwanza, hii ni habari yetu.

Mwenzangu wa chumba hapa hosteli anasoma fizikia. Juzi alikuwa anahangaika na nadharia inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na ile nguvu dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu. Nikamuuliza, haya mambo katuletea nani? Akanitajia watatu waliogawana Nobeli ya 1979: Glashow, Weinberg na Abdus Salam wa Pakistani. Nikaenda kumsoma huyo Salam. Nilichokikuta ni somo la sheria ya katiba.

Salam alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa Rais wa nchi yake. Tarehe 7 Septemba 1974 Bunge la Pakistani likabadili katiba na kutamka kwamba Waahmadiyya, watu wa jumuiya yake, si Waislamu. Hakuna mbunge aliyepiga kura ya hapana. Jamani, tangu lini dhamiri ya raia ikaamuliwa kwa kuhesabu mikono? Salam akajiuzulu. Mwaka 1984 ikaja amri nyingine: Muahmadiyya akijiita Mwislamu, ni jinai.

Alifariki Oxford mwaka 1996, akazikwa kwao Rabwah. Jiwe la kaburi lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Nobeli kwa kazi ya fizikia. Neno "Mwislamu" likafutwa. Sasa jiwe linasomeka kama vile kabla yake hakuna aliyewahi kuipata! Sheria mbaya haitosheki na walio hai.

Na huyu ndiye mtu aliyeanzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, mwaka 1964, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate pa kujifunza bila kulazimika kuhama kwao moja kwa moja. Waafrika wengi wamepita pale. Leo kituo hicho kina taasisi mshirika hapo jirani, Kigali. Wageni walikipa jina lake. Kwao walimfutia neno kaburini.

Sasa turudi nyumbani. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa imani. Lakini soma Ibara ya 30 uone mlango ulioachwa wazi kwa sheria za kubana haki kwa jina la maslahi ya umma. Halafu soma Ibara ya 98: theluthi mbili ya wabunge, ibara inabadilika. Ndiyo maana tunadai Katiba Mpya.

Ila niwaambie na ninyi ukweli, hata kama mtanuna. Kuna makamanda wanasema, "Tukishika dola tutawanyoosha." Kumnyoosha nani? Kwa sheria ipi? Wengi wape, sawa, wape serikali. Usiwape haki ya mtu mmoja. Wabunge wa 1974 nao walichaguliwa, nao walikuwa wengi.

Tukidai Katiba Mpya, tudai inayotufunga mikono hata sisi siku tukishinda. Isiyotufunga sisi haitamlinda Salam wetu, na pengine sasa hivi yuko kidato cha pili mahali fulani.

Mapambano yaendelee.